Sekunde kumi na mbili

"Tano tisa, ahsante, sabini na tatu."

Basi. Akamwita mwingine.

Ilikuwa Ijumaa ya tarehe 9 Mei 2025. Nilikuwa nimetoka kuswali Isha, nimekaa barazani kwangu hapa Tanga, redio ya masafa mafupi mapajani. Waya wa antena umepanda mwembeni ukashukia upande wa jirani, ambaye alishachoka kuniuliza ni wa nini na siku hizi anaanikia nguo. Bendi ya mita 20, mojawapo ya zile wanazoongelea watu wa redio za ridhaa, wenye leseni ya kurusha kutoka nyumbani kwao, usiku ule ilikuwa kama soko la Mgandini: Waitaliano, Warusi, na Muomani mmoja anayeita kwa upole kama anabisha hodi kwa wakwe. Nikawa nazungusha kitufe taratibu. Katikati ya makelele hayo ikachomoza sauti ya mzee, Kiingereza kimetulia, kila neno limekaa mahali pake.

Jina lake la hewani lilianza na GU. Wasiozoea mambo haya wajue tu kwamba kila nchi ina herufi zake: sisi 5H, Kenya 5Z, Msumbiji C9. GU ni Guernsey, kimojawapo cha Visiwa vya Channel, mlangoni kabisa mwa Ufaransa ingawa mfalme wao ni wa Uingereza. Kila baada ya muda mzee yule alikumbusha kwamba kituo chake ni maalumu, kipo hewani kuadhimisha miaka 80 tangu kisiwa chao kikombolewe kutoka kwa Wajerumani.

Nikaacha kuzungusha.

Nilimsikiliza dakika 40. Nikaangalia saa: mtu mmoja, sekunde 12. Anaitwa, anapewa tarakimu zake za usikivu (tano tisa, yaani unasikika vizuri), anashukuriwa, anaagwa kwa 73, ambayo ndiyo "salamu nyingi" ya watu wa redio tangu enzi za simu za maandishi. Anaingia mwingine. Nyuma yao foleni inapiga kelele kama wapiga debe, kila mtu anataka jina lake lisikike kwanza.

Katika dakika zote hizo hakutaja jina la mtu hata mmoja aliyekufa.

Nikazima redio nikaenda kulala. Usingizi haukuja.

## Mimi ni sikio tu

Niseme mapema: leseni ya kurusha sina. Nilianza kuisomea zamani, nikaahirisha, nikapata mvi. Kwa hiyo mimi ni msikilizaji. Nasikia watu wa dunia nzima na wao hawajui kama nipo. Mke wangu anasema ni kama kukaa dirishani kusikiliza ugomvi wa majirani, ila majirani wenyewe wapo Ureno.

Vituo hivi vya kumbukumbu nimevizoea. Ikifika Mei na Juni bendi zinajaa. Waholanzi wana tarehe 5 Mei yao ya ukombozi. Wafaransa wakiwa na jambo maalumu hupewa majina yanayoanza na TM, na mwezi Juni yapo mengi kwa ajili ya kumbukumbu ya majeshi yaliyotua Normandy mwaka 1944. Warusi kila Mei huja na RP. Waingereza wana GB. Wanachama wa klabu wanapokezana maiki siku nzima, kisha ukiwasiliana nao wanakutumia kadi yenye picha, tarehe, saa na masafa. Watu wanakusanya kadi hizo kama tulivyokuwa tunakusanya stempu. Wapo wenye makasha kwa makasha.

Na hapo ndipo penye mwiba wangu.

Huku kwetu msiba una adabu zake. Mtu akifa tunakaa matanga, tunasoma hitima, jina la marehemu linatajwa na la baba yake linatajwa. Hata yule asiyemjua anaambiwa: huyu ni fulani bin fulani, alikuwa hivi, aliishi mtaa huu. Sasa ninyi mnasema mnakumbuka vita, mnakumbuka njaa, mnakumbuka watu waliochukuliwa wasirudi, halafu mnapeana tarakimu mbili na kuagana? Hitima ya sekunde 12?

Nilimwambia mke wangu asubuhi yake, wakati anakaanga mandazi. Nilitegemea aniunge mkono.

Hakugeuka. Akasema: "Kwani wewe kila hitima unayokwenda unamjua marehemu? Si unafuata pilau?"

Nikanyamaza. Lakini mwiba haukutoka.

## Juni 1942

Nikaanza kusoma. Nilidhani nitasoma siku mbili niandike makala fupi ya kuwasema watu wa redio, niimalize. Zikawa wiki.

Habari za Wajerumani na vita vyao mnazijua, sitazirudia. Nilichokuwa sikijui ni kwamba visiwani kule redio yenyewe ndiyo ilikuwa kosa. Wajerumani waliingia mwisho wa Juni 1940. Juni 1942 ikatoka amri: kila mwenye redio ailete. Watu wakapanga foleni na masanduku yao ya mbao, wakaandikiwa, wakarudi nyumbani mikono mitupu. Kuanzia siku hiyo, kusikiliza habari za London kukawa jambo la kumpeleka mtu jela.

Wakasikiliza.

Wengine walificha redio zao chini ya sakafu. Wengine wakatengeneza zile redio za fuwele zisizotaka betri wala umeme: koili ya waya, kipande cha jiwe la galena, waya mwembamba wa kudonoa jiwe hilo mpaka upate pale panaposema, antena, waya wa ardhini na kitu cha kuweka sikioni. Vya sikioni havikuwa vinauzwa, basi vikaanza kutoweka kwenye simu za vibandani. Wenyewe mnaelewa. Kifaa kinaingia kwenye kopo la tumbaku, hakitoi mwanga, hakitoi joto, sauti yake haimfikii hata aliyekaa karibu nawe. Na umeme ulipokwisha visiwani mapema 1945, vikopo hivyo vikaendelea kusema kama kwamba hakuna kilichotokea.

Guernsey kulikuwa na kikundi kilichoitwa GUNS. Charles Machon, mtu wa magazeti, alianza Mei 1942, na amri ya kukusanya redio ilipotoka wakaendelea: wanasikiliza London, wanapiga chapa habari, zinapita mkono kwa mkono. Wakadumu hadi Februari 1944. Wakachongewa. Watano wakapelekwa jela za Ujerumani. Machon na Joseph Gillingham hawakurudi. Frank Falla alirudi, na baadaye akahangaika miaka mingi ili waliofungwa kama yeye wapate fidia.

Jersey, kisiwa jirani, kulikuwa na kasisi mzee, Clifford Cohu. Huyu hakuandika chochote. Alikuwa akizitangaza habari za redio kwa mdomo, hata akiwa juu ya baiskeli yake. Alifia kambini Ujerumani mwaka 1944.

Lakini aliyenikaa zaidi ni Louisa Gould. Mjane, mwenye duka dogo upande wa St Ouen huko Jersey. Mwanawe mmoja alikufa baharini na meli ya kivita. Mwaka 1942 akamkaribisha nyumbani Mrusi aliyetoroka kazi za suluba, Feodor Burriy, akamficha zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Wakimwita Bill. Alipoonywa kwamba anahatarisha roho yake, alijibu kuwa ni lazima afanye kitu kwa ajili ya mtoto wa mwanamke mwingine. Majirani wakamchongea. Bill aliwahi kuondoka. Waliopekua wakakuta redio.

Kaka yake, Harold Le Druillenec, alishtakiwa pamoja naye, na kosa lake mojawapo ni hilo la kusikiliza redio kwa dada yake. Louisa aliuawa kwenye kambi ya mateso ya Ravensbrück mapema 1945. Harold aliokotwa hai kwenye kambi nyingine, Bergen-Belsen. Bill naye alipona, akarudi kwao.

Niliposoma hapo nikafunga simu. Nikaiangalia ile redio yangu mezani. Ina taa ya buluu.

## Ukombozi wa tarehe ngapi

Sasa hasira zangu zikapata nguvu mpya. Kumbe mna haya yote, na bado hewani mnasema "tano tisa"?

Kisha nikakuta lingine, likanivuruga zaidi. Ile 9 Mei si ya wote hata kule kule. Churchill alitangaza tarehe 8 saa tisa alasiri kwamba visiwa hivyo vinakombolewa siku hiyo hiyo, na Jersey watu wakamsikia kwa vipaza sauti uwanjani. Wajerumani wakatia saini kujisalimisha asubuhi ya tarehe 9 juu ya meli HMS Bulldog. Sark, kisiwa kingine cha hapo, ni tarehe 10. Alderney wanajeshi wa Uingereza walifika tarehe 16, wakakuta kisiwa hakina wenyewe, maana karibu wote walihamishwa 1940, nao wakaanza kurudi Desemba. Waliobaki pale wakati wa vita walikuwa vibarua wa kulazimishwa, Warusi, Waukraine, Wahispania, Wayahudi kutoka Ufaransa, kwenye kambi nne za kujenga ngome za zege. Mwaka 2024 jopo la wachunguzi lilikadiria waliokufa humo kuwa kati ya 641 na 1,027.

Hao ukombozi wao unaadhimishwa kwa herufi gani?

Na wale Warusi wa RP. Mwaka huu walikuwa wengi bendini, wanaita miaka 80 ya ushindi, sauti zimejaa furaha. Waukraine, ambao babu zao walikuwa kwenye vita hivyo hivyo, walikatazwa kurusha tarehe 24 Februari 2022 hali ya hatari ilipoanza kwao. Nakumbuka wiki ile. Mimi nina watu wangu wa bendini, sauti ninazozijua bila kuwajua wenye nazo. Zilizima. Nilizungusha kitufe nikapita mahali zilipokuwa, nikakuta mchanga tu.

Na sisi? Mei 1945 babu zetu wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walikuwa wangali Asia, vita vya Mjapani havijaisha. Walibaki kusikia habari za watu wengine kuwa huru. Watu wa Guernsey walipata tisa Mei. Sisi ilibidi tungoje tisa Desemba, na miaka 16 juu yake.

Nilikuwa tayari kuandika. Kichwa cha habari nilikuwa nacho, kikali kweli kweli.

Kabla sijaanza nikasema nimtendee haki yule mzee. Anwani yake ya barua pepe inapatikana, wenye leseni wengi huziweka wazi. Nikamwandikia: nimekusikia kutoka Tanga, tarehe hii, saa hii, usikivu huu. Nikaongeza swali moja. Kwa nini hukusema chochote kuhusu waliokufa?

Wiki ikapita. Ya pili. Nikasema basi, nimemkera.

## Mzee wa mkonge

Wakati nangoja ikaja tarehe 25 Juni. Msumbiji ilikuwa inatimiza miaka 50 ya uhuru.

Nilikaa barazani tangu magharibi. Nilitaka kusikia C9. Nilisema, hawa ni ndugu zetu, FRELIMO, chama chao cha ukombozi, imezaliwa Dar es Salaam tarehe kama hii 1962, wapiganaji wao wamelala Nachingwea na Kongwa, lazima kutakuwa na mtu hewani. Nikazungusha mita 20, nikaenda 15, nikashuka 40. Sikuambulia C9 hata mmoja. Haina maana kwamba hakukuwa na mtu, bendi ni pana na sikio ni moja. Ila usiku ule, pale kwangu, hakuna.

Nikiwa nimekata tamaa akanijia mtu ambaye sikumfikiria kwa zaidi ya miaka 40.

Baba yangu alikuwa fundi redio, Ngamiani. Kibanda chake kilikuwa na mlango mmoja na benchi moja, na harufu ya risasi iliyoyeyushwa mpaka leo nikiisikia naona magoti yake. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, kazi yangu kushika tochi. Kuna mzee alikuwa akija kutoka shamba la mkonge upande wa Muheza. Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, kama walivyokuwa wakataji mkonge wengi wa huku, chale za usoni, viganja vimechanwa na miba. Redio yake ya National aliileta imefungwa kwenye kanga kama mtoto mgonjwa. Na kila mara alikuwa na sharti moja: aondoke nayo leo leo.

Baba akimwambia, "Mzee wangu, njoo Jumatatu." Yeye anakaa benchini. Haondoki. Hagombi. Anakaa.

Nilimuuliza baba mbona yule mzee hana subira. Baba akasema, ana kipindi chake. FRELIMO walikuwa na kipindi chao kwenye redio yetu kutoka Dar, kinavuka Ruvuma kwenda kwao. Yule mzee alikuwa na mdogo wake upande wa pili na hakujua kama yu hai. Akidhani labda siku moja atatajwa. Sikuwahi kujua kama alitajwa. Mwaka 1975 mwishoni hakuonekana tena, baba akasema amerudi kwao.

Nilipolikumbuka hilo nikasimama, nikatembea mpaka getini nikarudi.

Maana wiki zote zile nilikuwa nikisoma habari za Guernsey nikijiweka upande wa yule mwenye kopo la tumbaku. Ndivyo tunavyozoea, sisi ni watu wa kupokea matangazo. Kumbe kwenye vita vya huku kusini sisi ndio tulikuwa London. Msumbiji mtu alikuwa anajifungia, anapunguza sauti mpaka mwisho, anatafuta Dar es Salaam huku akisikiliza nyayo za PIDE, polisi wa siri wa Mreno, nje. Afrika Kusini kuisikiliza Radio Freedom ya ANC ilikuwa kosa, na redio hiyo, ilipokuwa uhamishoni, ilianzia kwenye mitambo yetu kabla ya kuwa na ya Lusaka, Luanda na kwingineko. Ilikuwa ikifungua kwa milio ya bunduki. Sisi tulikuwa tunaisikia kama kelele za kupita kwenda kwenye taarabu. Kuna waliofungwa kwa ajili ya kelele hizo.

Mtu wa mitamboni pale Dar hakuwahi kujua nani anamsikia. Hakuletewa kadi. Alisoma karatasi yake akazima taa akaenda zake nyumbani Magomeni au Ilala, akala, akalala. Naye hakutaja jina la yule aliyejifungia chumbani Cabo Delgado. Angelitajaje?

Makala yangu kali ikaanza kulegea miguu.

## Jibu

Lilikuja tarehe 2 Julai. Refu kuliko nilivyotegemea. Nilimwomba ruhusa ya kueleza aliyoniandikia, akakubali ila jina lake nisitie.

Kwanza alinishukuru kwa taarifa ya usikivu. Akasema Tanzania hakuipata siku ile, na mimi ndiye pekee niliyemwandikia kuuliza jambo, wengine wote wameomba kadi. Akakiri kitu ambacho sikutarajia mtu akiri: kwamba kwa kweli yeye na wenzake wanapenda redio, na tarehe ni kisingizio. Wangekuwa hewani hata kwa maadhimisho ya viazi.

Kisha akaandika habari ya baba yake.

Baba yake alikuwa kijana wa miaka 20 na kitu, fundi mwenye mikono mizuri, redio yao aliiunda mwenyewe. Juni 1942 aliichukua akaipeleka. Alipanga foleni, akaandikiwa risiti. Hakuficha kitu. Hakuwa na kopo la tumbaku. Mtaani kwao wapo waliokuwa nacho, na jioni walikuwa wakimpa habari kwa kunong'ona, na yeye akipokea. Vita vilipokwisha kila nyumba ikawa na hadithi ya redio iliyofichwa. Baba yake alikuwa akitoka nje hadithi hizo zikianza.

Risiti ile aliitunza. Alipokufa waliikuta kwenye Biblia.

"Kwa hiyo sina hadithi ya kusema hewani," aliniandikia. "Wenye nazo wameshazisema, na sitaki kuazima mashujaa wa watu. Mimi nikitaja jina la kisiwa chetu, na mtu wa mbali akalirudia bila kukosea, najua amenisikia. Baba hakuwa na cha kusikilizia. Kwangu inatosha."

Niliisoma mara tatu. Mara ya tatu niliisoma kwa sauti, naitafsiri palepale, mke wangu anachambua mchele. Nilipofika kwenye risiti mkono wake ukasimama, akauliza: "Risiti ya nini sasa, na redio hawakurudishiwa?"

Sikuwa na jibu.

Nilifuta kile kichwa cha habari.

Lakini nisijifanye nimeridhika yote. Bado nadhani mtu mmoja katika kila saa angeweza kusema "Louisa Gould" na asipoteze foleni. Bado swali la Alderney liko pale pale. Na kinachoniuma sasa si sekunde 12 za yule mzee. Ni usiku wa 25 Juni, nilivyozungusha kitufe kutoka mwanzo mpaka mwisho, nchi iliyorusha sauti za ukombozi wa nusu ya bara, na mimi mwenyewe, mtoto wa fundi redio, sina hata leseni ya kusema neno moja.

Nimezitoa tena karatasi za mtihani. Vitabu vimeliwa na mchwa upande mmoja, bahati nzuri ni upande wa majibu.

## Bati la baba

Baba aliacha bati la maziwa ya unga lililojaa vipuri. Tulipohama Ngamiani nililichukua bila kujua nitalifanyia nini.

Wiki iliyopita mjukuu wangu wa miaka 11 alikuwa likizo hapa. Nikamwambia tutengeneze redio. Akaniuliza programu yake inapakuliwa wapi.

Tukamwaga bati kwenye mkeka. Tukapata kapasita ya kuzungusha kutoka redio iliyokufa zamani, na diodi za kioo tano, zile za jamaniamu, nyembamba kama punje ya mpunga. Mbili zilikuwa zimekatika. Sitawadanganya kwamba moja ilitoka kwenye redio ya mzee wa mkonge, baba alifungua redio za Tanga nzima. Waya wa koili tuliufumua kwenye feni iliyoungua, tukauzungusha kwenye kipande cha bomba la plastiki. Cha sikioni tukakitoa kwenye mkono wa simu ya mezani, ile ya kukoroga namba, na kwa vile hakilingani na koili ilibidi nitafute transfoma ndogo ya kuunganishia kati. Waya wa ardhini tukaufunga bomba la maji uani. Wa juu tukaunganisha na ule wa mwembeni, baada ya kuondoa khanga mbili za jirani.

Usiku wa kwanza hakuna kitu. Mizunguko 60 ya koili ilikuwa mingi, ilitupeleka masafa ya kati, na huko hatukuambulia kituo. Usiku wa pili tukapunguza mpaka 30. Ngurumo tu, na mlio wa chaja ya simu ya mtu. Nikamwambia mtoto hii kazi ilitaka subira hata wakati watu walipokuwa wanaifanya kwa kufa na kupona. Akaniangalia kama naongea peke yangu. Ni kweli nilikuwa naongea peke yangu.

Usiku wa tatu tukabakisha mizunguko 14. Nikaweka kile kipande sikioni nikaziba sikio la pili kwa kiganja. Hakuna. Nikazungusha kapasita unywele mmoja. Nikagundua nikivuta pumzi sisikii. Nikabana pumzi.

Qur'ani. Mbali sana, kama mtu anasoma ndani ya mtungi, inakuja inakwenda kama mawimbi. Nilihesabu aya mbili, ikazama, ikarudi.

Nikampa mtoto. Akakishika kwa mikono miwili. Akageuza ubao juu chini kutafuta betri, hakuiona. Akakirudisha sikioni, akafumba macho.

"Babu, usitembee," akaninong'oneza.

Sikuwa natembea. Nilikuwa nimehamisha mguu tu, na kandambili zangu zina mchanga.

Bibi yake akaita kutoka ndani kwamba wali unapoa. Akaita tena, kwa jina safari hii, jina lake lote na la baba yake. Mtoto akanyanyua kidole kimoja juu, hakutoa sauti.